Sweta ya Mikono Mitatu

Saa kumi na nusu jioni fundi mizani alifunika mizani za wateja wake kwa turubai, akafunga kibanda kwa kufuli mbili, akaenda kumngoja mkewe kwenye geti la nyuma la hospitali. Mkewe alifanya kazi katika chumba cha kufulia mashuka. Kule ndani kulikuwa na mvuke kutwa nzima, na nje, msimu ule, kulikuwa na upepo wa baridi unaopenya hadi kwenye mifupa. Kwa hiyo kila akitoka alikohoa mara tatu nne kabla hajamsemesha mtu. Siku hiyo alikohoa, akampa mumewe mkoba, kisha akasema kwamba sasa umetoka wote.

"Wote?" fundi aliuliza.

"Hadi kucha."

Walikuwa wanauzungumzia mkono. Ulikuwa umeanza kuota wiki mbili nyuma, ubavuni upande wa kushoto, vidole vinne chini ya kwapa. Kwanza kilitokea kiuvimbe kama cha jipu, kisha kiwiko, na vingine vikafuata bila haraka. Daktari wa zamu aliutazama akaandika kwenye faili: mkono wa ziada, hauumi, anaweza kuendelea na kazi. Alimpa dawa ya kuchua, akaita mgonjwa mwingine.

Sababu ya mkono huo haikufichika kwa yeyote. Shuka la hospitali lina pembe nne, na kulikunja vizuri kunataka watu wawili wanaotazamana. Kila mmoja anashika pembe mbili, wanalivuta likanyooka, wanasogeleana, mmoja anamkabidhi mwenzake pembe zake, anainama kuokota mkunjo wa chini, wanasogeleana tena. Kwa miaka kumi na saba mke wa fundi alisogeleana hivyo na mwanamke ambaye wote pale walimwita Pacha, ingawa hawakufanana hata chembe: Pacha alikuwa mrefu mwembamba, na yeye mfupi mnene. Walikunja mashuka mia nne kwa siku huku wakipiga soga, wakicheka, wakisengenya wodi nzima, na siku nyingine wakinuniana kutoka asubuhi mpaka jioni bila kudondosha shuka hata moja. Kisha Pacha akastaafu. Alipewa saa ya ukutani na kupigiwa makofi, na nafasi yake haikujazwa. Mashuka yalibaki mia nne yaleyale. Mke wa fundi akawa anashika pembe mbili kwa mikono, ya tatu anaibana kwa kidevu, ya nne kwa magoti, miezi mitano mfululizo, hadi ubavu ukachoka kutazama ukaota mkono.

Hakuwa wa kwanza pale hospitalini. Karani wa mapokezi alikuwa na mdomo wa pili, mdogo, chini ya sikio, wa kujibia simu. Mlinzi, tangu mwenzake aondolewe, alionekana kwenye mageti yote mawili kwa wakati mmoja, ila kwenye geti la nyuma alionekana hafifu kidogo na salamu zake zilichelewa. Fundi alimsalimia kila jioni na kusubiri jibu kwa heshima, maana si vizuri kumsalimia mtu na kuondoka.

Sokoni habari ilifika kesho yake. Kinyozi, ambaye kibanda chake kilipakana na cha fundi, alisema kwa sauti ya kujua mambo kwamba huo ni mkono wa mtu.

"Ndiyo," fundi alijibu. "Wa mke wangu."

Kinyozi akarudi kwenye kichwa cha mteja wake.

Nyumbani mkono ule ulihitaji kuzoewa. Ulikuwa umezaliwa na sugu, kiganja kimekauka kwa sabuni ambayo haukuwahi kuishika, na kazi uliyoijua ilikuwa moja tu. Ukikutana na kitu chenye pembe, ulikikunja. Ulikunja kitambaa cha meza huku sahani zikiwa bado juu yake. Ulikunja gazeti la fundi kabla hajafika kurasa za michezo. Jioni moja wakiwa wamekaa kwenye kochi, fundi aliona kwamba huo nao ni mkono wa mkewe kama ile mingine, akaushika. Mkono ukamkunja vidole katikati, ukavikunja tena, ukavilaza juu ya goti lake na kuvipigapiga vitulie.

"Haujakuzoea," mkewe alisema. "Haukuwepo tulipooana."

"Utanizoea tu."

"Sitaki ukuzoee. Nataka uondoke." Alisema hivyo macho yamefumba, bila hasira. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kukasirika aliona ni kujiongezea kazi.

Shida kubwa ilikuwa baridi. Blauzi zake zote alizitoboa ubavuni kwa mkasi, na mkono ukatokea hapo mtupu, ukapigwa na upepo kutoka getini hadi nyumbani, dakika thelathini na tano kwa miguu. Aliuvika soksi ya fundi, ndefu, ya kijivu, lakini kila hatua mia soksi ilishuka hadi kwenye kifundo. Kikohozi kikazidi. Fundi alilitazama jambo hilo siku nne. Ndivyo alivyokuwa, hata mizani iliyoharibika alikaa nayo kwanza akiitazama kabla ya kuifungua. Siku ya tano alikwenda kwa Mama Vifungo, aliyeuza nyuzi, zipu na vifungo kibanda cha tatu kutoka chake, akamwambia anataka kujifunza kufuma.

"Wewe?" Mama Vifungo alisema. "Na macho hayo?"

"Nataka kumfumia mke wangu sweta. Wiki ya saba kuanzia leo tunatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa."

"Mfumie skafu, baba. Skafu huendi ila mbele."

"Skafu haina mikono. Naye ana mitatu."

Mama Vifungo alifikiri kidogo, akaongeza madonge mawili ya uzi juu ya yale aliyokuwa ameshayatoa.

Fundi alichagua rangi ya chungwa iliyokolea, kwa sababu mkewe alishinda akitazama nyeupe. Alitaka kumfanyia jambo la maana safari hii. Kwa miaka ishirini na minne zawadi zake zilikuwa za mtu anayeingia dukani dakika tano kabla halijafungwa: birika, mwavuli, birika jingine, na mizani ya jikoni ambayo mkewe aliitumia kuwekea vitunguu bila kuvipima. Alijua hilo, na lilimuuma.

Alifumia kibandani, mchana, kati ya mteja na mteja, na sindano akazilaza chini ya turubai kila alipofunga. Vidole vyake vilizoea kushika mawe ya mizani na skrubu ndogo, lakini uzi ulikuwa na akili zake. Vitanzi vilimponyoka, alianza mstari na vitanzi themanini akaumaliza na sabini na sita, na hakuna aliyeweza kumwambia vile vinne vilikwenda wapi. Kinyozi alimuuliza mtoto anazaliwa lini. Muuza nyama alikuja kuchukua mizani yake akaikuta imelala vilevile alivyoiacha, fundi ameinamia sindano, midomo inahesabu. Akarudi zake akaendelea kukadiria nyama kwa macho, na wateja wake wakasema siku zile walipunjwa kidogo kuliko kawaida.

Mgongo ulikwisha wiki ya pili. Kifua kilikwisha wiki ya tatu. Mkono wa kulia ulikwisha kwa siku nne tu, na fundi alianza kujiona mtu. Kisha wakafika upande wa kushoto. Mama Vifungo alifungua kijitabu chake cha mitindo, akakipekua hadi jalada la nyuma, akakifunga.

"Kwapa la kwanza nalijua," alisema. "La pili tutalitafuta wenyewe."

Walilitafuta siku kumi. Mikono miwili ikitoka ubavu mmoja, kitambaa cha katikati hujikusanya kama mfuko, na mvaaji hawezi kuteremsha mkono wa juu bila kuubana wa chini. Fundi alifuma akafumua mara sita. Mara ya saba, akiwa amekata tamaa nusu, alifuma kipande kidogo cha pembe nne, akakipachika kati ya mikono miwili kikiwa kimekaa upande, pembe moja juu na moja chini. Mama Vifungo aliingiza ngumi zake mbili kwenye ile mikono, akazichezesha huku na huku.

"Hili kwapa," alisema hatimaye, "hata mama yangu asingelipata."

Lakini sweta ilipotundikwa kwenye hanga iliinama kushoto, na hilo fundi mizani hakuweza kulala nalo. Alijaribu kuongeza upana wa pindo la kulia, bado ikainama. Mwishowe alifuma mfuko mmoja upande wa kulia, wenye kina, wa kuwekea funguo na dawa ya kikohozi, na alipoweka funguo zake mwenyewe humo sweta ikasimama wima.

Urefu wa mkono wa tatu ndio uliomtia aibu. Kwa kuwa zawadi ilikuwa ya siri, alikuwa ameupima mkono Jumapili mchana, mkewe akiwa amelala kwenye kochi, kwa kamba iliyopigwa fundo. Akaanza kufuma kwa kipimo hicho. Jumatatu jioni pale getini akamwona mkewe anakuja, na mkono wa tatu unaning'inia vidole viwili zaidi ya pale alipouacha. Mtu aliyepima vitu vya watu miaka thelathini hakuweza kuamini kwamba alikosea kupima mkono wa mkewe. Akaanza kuupima kila siku, akijidai anamtoa nyuzi kwenye nguo. Wiki ilipokwisha alikuwa na kamba yenye mafundo saba. Jumapili mkono ulikuwa mfupi. Jumatatu, mashuka ya siku mbili yakiwa yamerundikana, ulikuwa mrefu kupita siku zote. Kisha ulipungua kidogokidogo hadi Jumamosi.

"Basi fuma wote kwa mtindo wa pindo," Mama Vifungo alishauri. "Viwili juu, viwili chini. Utavutika ukitaka, utarudi ukitaka."

Alifumua mkono mzima akaanza upya.

Jumapili ya wiki ya tano Pacha alikuja kuwatembelea. Alimkumbatia rafiki yake, akaamkiwa na mikono mitatu, akauliza huu mpya unaendeleaje, akaambiwa upo. Hawakukaa dakika kumi kabla hawajaanza. Kulikuwa na mashuka mawili kwenye kamba ya nguo, waliyaanua wakayakunja. Wakakunja kitambaa cha meza. Kisha wakashusha mapazia, ambayo hayakuwa na shida yoyote, wakayakunja pia, wakasogeleana na kurudi nyuma, wakasogeleana na kurudi nyuma, huku Pacha akisimulia habari za mkwe wake anayekoroma hadi majirani wanagonga ukuta. Mke wa fundi alicheka mpaka akashika mbavu. Fundi, aliyekuwa amekaa kwenye kiti kando ya dirisha, hakuwa amekisikia kicheko hicho kwa miezi saba. Wakati wote huo mkono wa tatu ulining'inia bila kazi. Kwanza ulififia rangi, kisha ukaanza kurudi ndani, taratibu.

Pacha alipoondoka fundi alitoa kamba yake, safari hii bila kuificha. Mkono ulikuwa umepungua vidole vinne kwa mchana mmoja.

Mkewe alizitazama zile alama mbili za mafundo, ya kabla na ya baada. Alikaa chini.

"Kumbe ni hivyo tu," alisema. "Wanipe mtu mmoja. Mtu mmoja tu, na utaondoka wenyewe."

"Waandikie."

"Nimeshawaandikia mara mbili."

"Mara hizo hukuwa na kipimo."

Ilikuwa kweli. Barua ya kwanza ilisema kazi imemzidi. Ya pili ilisema ameota mkono. Ya tatu waliiandika pamoja mezani jioni ileile, kwa mwandiko wa fundi ulionyooka, wakaeleza kwamba mkono hupungua mtumishi anapopewa mwenzake, wakataja siku na urefu, wakaambatanisha kamba yenyewe ndani ya bahasha, mafundo yote, pamoja na maelezo ya kila fundo. Fundi hakuwahi kupeleka ushahidi ulio safi kuliko ule. Usiku huo mkewe alilala upande wa kushoto, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu kiwiko kilipotokeza.

Msimamizi wa chumba cha kufulia aliipokea barua kwa mikono miwili. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na meza tatu za kusimamia na viatu vilivyolika upande mmoja, na kila alipoulizwa jambo alijikuna shingo.

"Mama, hii naipandisha juu," alisema. "Hii ina nguvu. Kamba imenigusa."

Mke wa fundi alipouliza kama mumewe anaweza kuruhusiwa kuingia jioni kumsaidia kukunja wakati anangoja, msimamizi alijikuna shingo akasema hapana, si mtumishi, akidondokewa na kitu je. Alipouliza tena habari za barua wiki iliyofuata, aliambiwa haijapotea. Mashuka yalikuwa mia nne. Jumanne mkono ulikuwa umerudi urefu wake wote.

Sweta ilikwisha siku mbili kabla ya siku yenyewe. Fundi aliifunga kwenye gazeti, akaificha chini ya mizani kubwa ya magunia hadi jioni ya mwisho alipoileta nyumbani, na asubuhi ya siku ya miaka ishirini na mitano aliitoa mkewe alipokuwa anatafuta soksi.

"Leo hiyo soksi iache," alisema.

Mkewe alifungua gazeti. Aliinyanyua sweta, akaigeuza, akahesabu mikono kwa macho. Aliona lile kwapa, kipande cha pembe nne kilichokaa upande, na akapitisha kidole juu yake polepole. Kisha alitazama vidole vya mumewe, vilivyokuwa na alama za sindano, na akaelewa ni kwa nini kwa wiki saba mumewe alikuwa anagutuka mezani kila chumvi ilipompata kwenye vidonda.

"Umefuma wewe?"

"Mimi."

"Na haya yote ya pembeni?"

"Yale tuliyatafuta."

Aliivaa. Mkono wa kulia uliingia, wa kushoto ukaingia, na wa tatu, uliokuwa haujawahi kuvikwa kitu kilichokusudiwa kwa ajili yake, ulisita mlangoni kidogo kisha ukapita hadi mwisho. Alisimama mbele ya kioo. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mikono miwili huku wa tatu ukikunja gazeti.

"Sasa nitavaa nini siku nyingine?" alisema. "Umeniharibu." Na akaenda nayo kazini, kwa sababu kulikuwa na baridi, na kwa sababu alitaka waione.

Waliiona. Wafuaji waliacha mashine zikiunguruma zenyewe, wakamzunguka, wakamgeuza, wakamwinua mkono mmoja baada ya mwingine. Karani wa mapokezi aliposikia alishuka kutoka juu, akasifu kwa midomo yote miwili. Mke wa fundi aliwaambia ni mume wake, kwa mikono yake, kwa wiki saba, na alilisema hilo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kwa siku nzima hakukumbuka kuuliza habari za barua.

Msimamizi naye alikuja. Alishika kitambaa cha kwapa kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Inabana popote ukinyanyua?"

"Haibani hata kidogo. Tazama." Akanyanyua mikono yote mitatu.

"Na ukivuta shuka?"

Alichukua shuka, akalikunja mbele yake, akiwa na mikono mitatu na kidevu. Lilikaa sawasawa.

"Mama, naomba niiazime saa moja," msimamizi alisema. "Kuna watu juu ningependa waione."

Aliivua akampa, tena kwa furaha. Alifikiri kwamba wakiiona watamkumbuka. Sweta ilirudi baada ya saa tatu, imekunjwa vibaya, na kwenye mabega na ubavuni kulikuwa na alama nyepesi za chaki. Alizipangusa. Jioni pale getini alimweleza mumewe kwamba sweta imefika hadi ofisi ya juu kabisa, na fundi alitembea njia nzima ameinua kichwa.

Marobota yaliletwa baada ya wiki tatu. Yalikuwa sare mpya za chumba cha kufulia, za bluu, ndogo, za kati na kubwa, na kila moja ilikuwa na mikono mitatu. Kwapa la pili lilikuwa limekatwa vilevile, na kipande cha pembe nne kimekaa upande. Mkono wa tatu haukuwa wa kuvutika. Ulikuwa na urefu mmoja, na mke wa fundi alipouvaa alitambua mara moja kwamba ni urefu wa Jumatatu. Kulikuwa na wafuaji wengine sita mle ndani, wote wa mikono miwili. Ubaoni palibandikwa tangazo kwamba mtumishi ambaye bado hajahitaji mkono wa tatu aukunje na kuubana kwa pini hadi utakapohitajika. Pini zilitolewa. Wafuaji walizipokea, wakasaini, wakabana. Mmoja wao, aliyekuwa anaendesha mashine mbili tangu mwezi uliopita, alijishika ubavu.

Alasiri msimamizi alimpa mke wa fundi bahasha. "Jibu limetoka, mama," alisema, na hakujikuna shingo, alitazama viatu vyake.

Alimpa mumewe ile barua nyumbani, baada ya chai. Fundi aliisoma amesimama karibu na dirisha, penye mwanga. Ilianza kwa kumshukuru mtumishi kwa barua yake yenye vipimo. Ilisema uongozi umefurahishwa na ubunifu wa familia yake. Ilisema kwamba kwa kuwa upungufu uliokuwepo ulikuwa wa vazi, na vazi sasa limepatikana, ombi la kujaza nafasi iliyoachwa wazi limefungwa, na nafasi yenyewe imefutwa. Kamba haikurudishwa, kwa kuwa ilikuwa inatumiwa na washonaji.

Aliisoma tena kutoka juu. Kisha akakaa.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyewachorea," alisema.

"Wangechorewa na mwingine."

"Lile kwapa hakuna mwingine angelipata." Hakusema kwa majivuno. Alisema kama anavyomwambia mteja kwamba mizani yake haitengenezeki.

Mkewe hakumbishia. Alikuwa amekaa kwenye kochi, viatu bado miguuni, mikono yote mitatu imelala mapajani viganja juu. Sweta ilikuwa kwenye mgongo wa kiti. Fundi aliivuta, akaigeuza ndani nje, akatafuta pale uzi wa mkono wa tatu ulipofungiwa, akachukua wembe aliotumia kukatia nyuzi kwa wiki saba.

"Unafanya nini?"

"Nautoa. Wakuone huna. Halafu waseme tena vazi limepatikana."

"Ukiutoa, watarudisha zile sare?"

Fundi aliukaribisha wembe kwenye uzi.

"Watamrudisha Pacha?"

Alishika wembe, na wembe haukwenda popote.

"Basi usinipunguzie nguo," mkewe alisema. "Kesho nina mashuka mia nne, na nje kuna baridi. Ilete hapa."

Fundi aliweka wembe mezani. Aliigeuza sweta ikakaa upande wake, akaenda akainama mbele ya kochi, akamshikia kama anavyoshikiwa mgonjwa. Mkewe aliingiza mikono, mmoja, wa pili, wa tatu, bila kufumbua macho, akaegemea, na kabla fundi hajasimama wima alikuwa ameshalala. Fundi alimtazama kwa muda mrefu, akitafuta mahali ambapo alikosea, kwapani, mabegani, kwenye pindo. Hakupaona. Ilikuwa imemkaa vizuri kabisa.